Kutoka Kipushi hadi Mitwaba: Lugha ya Habari za Mahakama, 2007–2009

Mnamo Mei 2006 Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai, alijisalimisha kwa askari wa Umoja wa Mataifa huko Mitwaba, katika mkoa wa Katanga wa wakati ule. Vita baina ya kundi lake na jeshi la serikali vilikuwa vimewahamisha watu wengi, hata nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto ikaitwa pembetatu ya mauti. Kesi yake ilianza Agosti 2007, lakini si Mitwaba. Mahakama ya kijeshi iliketi Kipushi, karibu na Lubumbashi, mamia ya kilomita kusini mwa vijiji vilivyochomwa. Waliodhulumiwa, isipokuwa wachache waliofika kizimbani, hawakuwa na njia ya kufuatilia ila masimulizi ya wasafiri na redio.

Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Sheria, hata hivyo, iliandikwa kwa Kifaransa. Maneno kama tribinali na avoka hayakumsumbua msikilizaji wa Katanga. Mtego ulikuwa katika kitenzi kilichoonekana chepesi, yaani kuhukumiwa. Kwa mmoja ni kufikishwa mbele ya mahakama, kwa mwingine ni kupatikana na hatia.

Hatari yake ilidhihirika Juni 28, 2007, katika kesi ya Kilwa, mji ambao Umoja wa Mataifa uliandika kuwa watu wasiopungua 73 waliuawa Oktoba 2004. Kanali aliyewaongoza askari alipewa kifungo cha maisha, ila kwa mauaji ya tukio jingine. Kuhusu Kilwa mahakama haikumtia hatiani. Kutangaza tu kwamba “kanali wa Kilwa amehukumiwa” kungekuwa kweli kwa herufi na uongo kwa maana. Mwandishi hakuwa na budi kutaja shtaka kwanza, kisha uamuzi, kisha adhabu.

Katiba ya 2006 inataka mashauri yasikilizwe hadharani, na inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho. Hadhara hiyo, kwa shahidi wa kijijini, ilikuwa pia hofu: jina lililosomwa redioni lilifika Mitwaba kabla ya mwenyewe kurudi.

Machi 5, 2009, Gédéon alihukumiwa kifo. Habari hiyo nayo ilidai maelezo, kwa kuwa tangu 2003 serikali ilikuwa imesitisha kuwanyonga au kuwapiga risasi waliohukumiwa. Usitishaji huo uliondolewa mwaka 2024 tu. Msikilizaji asiyeelezwa hayo angedhani kesi imekwisha. Septemba 2011 mfungwa huyo alitoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, pamoja na mamia ya wengine. Oktoba 2016 alijisalimisha tena, na safari hii alipokewa kwa sherehe.