Chomeka Utumie: Ahadi ya USB Iliyowatesa Wanamuziki

Microsoft ilifunga ukurasa wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na studio nyingi ndogo zikabaki njia panda. Ukihamia Windows 11, kadi ya sauti ya USB ya miaka mingi huenda isitambulike. Ukibaki ulipo, masasisho ya usalama hayaji tena ila kwa mpango maalumu. Kadi yenyewe ni nzima, taa inawaka na tundu la maikrofoni halina kasoro. Kilichokufa ni draiva, ile programu ndogo inayokiunganisha kifaa na kompyuta. Kwa wanamuziki, kilio hiki ni cha zamani.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mwaka 1983 juhudi za Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland zilizaa MIDI, utaratibu uliowezesha kinanda cha kampuni moja kukiamuru cha kampuni nyingine kupitia waya wa pini 5. Januari 1996 ikaja USB, na ahadi yake ilikuwa fupi: chomeka, utumie.

Ahadi hiyo iliumbuka hadharani Aprili 20, 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Chicago. Bill Gates alikuwa jukwaani akiinadi Windows 98 iliyokuwa bado haijaingia sokoni. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana ya USB ili watu waone kompyuta ikikitambua kifaa na kujipakilia draiva yenyewe. Badala yake, skrini kubwa ikageuka bluu tupu yenye maandishi ya hitilafu. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Gates akajitetea kwa utani kwamba bila shaka ndiyo sababu Windows 98 ilikuwa haijaanza kuuzwa. Picha za video za tukio hilo zipo hadi leo, na anayezitazama anaona jinsi mambo yalivyokwenda haraka: waya umeingia, kompyuta imeanguka. Miezi miwili baadaye, Juni 25, Windows 98 iliingia madukani. Capossela hakufukuzwa, miaka ilivyosonga alipanda hadi kuwa mkuu wa masoko wa Microsoft.

Agosti mwaka huohuo Apple ilianza kuuza iMac, ikiwa imeng'oa tundu la zamani ambalo vifaa vya MIDI vilikuwa vikichomekwa. Aliyetaka kompyuta hiyo hakuwa na budi kutafuta kifaa cha USB, na draiva yake.

Dawa ilikuwa ikiandaliwa. Mwaka 1998 ulitoka utaratibu wa pamoja wa sauti kupitia USB, na mwaka uliofuata ukatoka wa MIDI. Kifaa kinachofuata taratibu hizo hutumia draiva iliyomo tayari ndani ya mfumo wa kompyuta. Tatizo lilikuwa ucheleweshaji. Windows ilipitisha sauti zote kwenye kichanganyio chake, na mwimbaji aliyevaa hedifoni akawa anajisikia akijifuata nyuma. Steinberg ya Ujerumani ilikuwa imeshatoa ASIO mwaka 1997 ili programu ya kurekodia izungumze na kadi moja kwa moja, lakini ASIO ilidai draiva ya kila kampuni. Asiyekuwa nayo aliokolewa na ASIO4ALL, kazi ya Michael Tippach, inayopatikana bure.

Hapo ndipo usumbufu ulipoota mizizi. Maboksi yakaja na onyo: sakinisha draiva kwanza, ndipo uchomeke waya. Kwenye Windows XP, kinanda kilichohamishwa tundu mara nyingi kilihesabiwa kuwa kifaa kipya. Jina la zamani lilibaki limefichwa, na kwa kuwa orodha ya MIDI ilikuwa na nafasi 10 tu, siku ilifika kinanda kizima hakionekani kwenye programu. Mafundi walijifunza kuufungua ukurasa wa vifaa, kuonyesha vilivyofichwa, kuifuta mizimu hiyo mmoja mmoja, kisha kuiwasha kompyuta upya. Windows Vista ya biti 64 ilipokuja mwaka 2007 ikakataa draiva zisizo na saini ya kidijitali, na vifaa ambavyo watengenezaji wake hawakujisumbua kuandika draiva mpya vikabaki mapambo.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Toleo la pili la utaratibu wa sauti lilitoka mwaka 2006, lakini Windows ililipokea rasmi mwaka 2017 tu.

Hasara ya mwendo huu inamwangukia zaidi mnunuzi wa mtumba, na studio zetu nyingi zimejengwa kwa mtumba. Kampuni ikishauza kifaa kipya haina haraka ya kukihudumia cha zamani. Wakati huohuo, watu wanaoiendeleza Linux, baadhi yao wa kujitolea, bado wanavitunza vifaa ambavyo wenyewe waliovitengeneza wamevisahau. Kampuni isiyotaka tena kuandika draiva ingewapa watu hao maelezo ya kifaa chake waendelee nacho. Hadi kampuni zitakapolazimishwa kufanya hivyo, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutoa fedha: kifaa hiki kinafanya kazi bila draiva ya kampuni? Akisita, bei ishuke au uondoke.