Pikapu za gitaa la umeme: ya shingoni na ya darajani zichaguliwe vipi?

Mpiga gitaa anapolalamika kwamba solo yake haisikiki, mara nyingi lawama humwangukia fundi mitambo au amplifaya. Wakati mwingine tatizo liko kwenye vifaa viwili vidogo vilivyo chini ya nyuzi zake: pikapu. Hapa hatuzungumzii gari la mizigo, bali kifaa kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.

Pikapu nzuri si rahisi, na duka nyingi hazipokei iliyokwisha kulehemiwa. Wapo wanamuziki wanaotumia akiba ya miezi kadhaa kununua mbili zenye sifa nzuri, kisha wakagundua kwamba zikiwa kwenye gitaa moja hazipatani. Katika makala haya tunaeleza zinavyofanya kazi, kwa nini ya shingoni hutofautiana na ya darajani, na mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Pikapu hufanya kazi vipi?

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya. Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni halisikiki kwa pikapu ya aina hii.

George Beauchamp wa Los Angeles, Marekani, alipata hataza ya gitaa la umeme lenye pikapu ya sumaku mwaka 1937, baada ya kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker kuwa imeshaanza kuliuza. Pikapu za wakati huo zilikuwa za koili moja. Zilitoa sauti safi, lakini zilinasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao Afrika Mashariki husikika kama mngurumo wa hezi 50.

Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alipata dawa. Aliweka koili mbili bega kwa bega, zenye mizunguko na ncha za sumaku zinazokinzana. Mvumo unaoingia koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili, huku sauti za nyuzi zikijumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka. Huwa na nguvu zaidi na sauti nene, ila hupoteza sehemu ya ukali wa juu ulio kwenye koili moja.

Mahali pamoja na pengine

Uzi wa gitaa umefungwa pande zote mbili, kwa hiyo karibu na daraja hutikisika kidogo sana, na kadiri unavyosogea kuelekea katikati hutikisika kwa upana zaidi. Pikapu ya shingoni basi hupata mtikisiko mkubwa: sauti yake ni nene, ya duara, yenye besi. Ya darajani hupata mtikisiko mdogo wenye sauti nyingi za juu: ni nyembamba, kali, na kila mguso wa kidole husikika waziwazi.

Matokeo yake ni kwamba pikapu mbili zinazofanana kabisa hazitasikika sawa kwenye gitaa moja. Ya shingoni itaifunika ya darajani. Watengenezaji wengi wa leo huuza jozi ambayo ya darajani ina mizunguko mingi zaidi ili kuziba pengo hilo. Ukinunua moja moja, hakikisha umeuliza imetengenezwa kwa ajili ya upande upi.

Gitaa la Telecaster la Fender ni mfano mzuri. Pikapu yake ya darajani ni kubwa na ina bati la chuma chini yake. Ya shingoni ni ndogo, imefunikwa kwa chuma, na kwa kawaida husukwa kwa waya mwembamba zaidi. Ni ndugu wawili wasiofanana sura, lakini wanaelewana.

Namba zinasema nini?

Wauzaji hupenda kutaja ukinzani wa pikapu kwa kiloomu. Koili moja ya Stratocaster huwa karibu na 6. Hambaka ya mtindo wa miaka ya 1950 huwa kati ya 7 na 9. Zile zilizotengenezwa kwa muziki mzito hufika 13 au zaidi. Namba hii husaidia ukilinganisha pikapu za aina moja, zenye waya na sumaku zinazofanana. Zaidi ya hapo inaweza kupotosha, kwa sababu waya mwembamba huwa na ukinzani mkubwa hata kama mizunguko si mingi.

Joto nalo hubadilisha kipimo. Pikapu inayosoma kiloomu 8 kwenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.3 kwenye nyuzijoto 30. Kwa hiyo ukipima Dar es Salaam au Mombasa na kupata namba iliyo juu kidogo ya ile ya kwenye boksi, usidhani umetapeliwa.

Angalia pia sumaku. Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Alniko 2 ni laini na husamehe makosa ya mkono. Alniko 5 ina nguvu zaidi, besi iliyokaza na ukali wa juu. Sumaku za seramiki zina nguvu, ni nafuu, na hutumika sana kwenye pikapu za sauti kubwa. Wengi huweka alniko 2 shingoni, ambako sauti tayari ni nene, na alniko 5 au seramiki darajani, ambako nguvu inahitajika. Hiyo si sheria, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Zinapopigwa pamoja

Hapa ndipo jozi hujaribiwa. Swichi ikiwa katikati, pikapu zote mbili husikika kwa pamoja, na kwa wapigaji wengi wa rithim hiyo ndiyo sauti ya kazi: ina mwili bila kumfunika mwimbaji. Mambo matatu huweza kuiharibu.

La kwanza ni nguvu zisizolingana. Pikapu ya darajani yenye kiloomu 15 ikiwekwa na ya shingoni ya mtindo wa zamani yenye 7, ukibadilisha swichi sauti hupanda na kushuka ghafla, na katikati utasikia moja tu.

La pili ni mwelekeo wa umeme. Iwapo pikapu moja inasukuma wakati nyingine inavuta, sauti za chini hufutana na kinachobaki ni sauti nyembamba, kama ya redio ndogo iliyoishiwa betri. Kupima ni rahisi. Unganisha kila pikapu na mita ya umeme, bora iwe ya mshale, ukiiweka kwenye kipimo cha kiloomu, kisha gusisha bisibisi ya chuma juu ya pikapu na utazame mshale unaelekea wapi. Zote mbili zikielekea upande mmoja, zinapatana. Zikitofautiana, nyaya za moja zigeuzwe. Tahadhari: kama kifuniko cha chuma cha pikapu kimeungwa kwenye waya mmojawapo, kugeuza nyaya pekee kutaleta mvumo. Kifuniko lazima kwanza kitenganishwe na kipewe waya wake wa ardhi. Kazi hiyo mpe fundi.

La tatu ni kuchanganya aina mbili, kwa mfano koili moja shingoni na hambaka darajani. Ni mchanganyiko mzuri, lakini vidhibiti vya sauti vinavyozoeleka kwa koili moja ni vya kiloomu 250, na kwa hambaka ni 500. Hambaka kwenye 250 hufifia ukali. Koili moja kwenye 500 hukwaruza masikio. Mafundi wengi hufunga vidhibiti vya 500, kisha huongeza rezista ya kiloomu 470 sambamba na kidhibiti cha koili moja, ili pikapu hiyo ione takriban 250.

Wewe unapiga nini?

Swali la mwisho ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Katika bendi ya dansi au rumba yenye magitaa mawili au matatu, besi, ngoma na tarumbeta, kila mmoja anahitaji nafasi yake. Wote wakitumia pikapu nene za shingoni, muziki hugeuka uji. Mpiga solo anayecheza juu shingoni kwa sauti safi huhitaji pikapu ya darajani iliyo wazi lakini isiyochoma, kwa hiyo ya nguvu ya wastani humfaa kuliko ile ya muziki mzito. Anayepiga peke yake kanisani au hotelini anaweza kuitegemea ya shingoni, kwa kuwa hakuna anayegombea naye besi.

Pima pia umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale pikapu itakapokaa. Hambaka za kawaida huwa na karibu milimita 50, na zile za darajani kwa magitaa ya mtindo wa Fender huwa karibu 52 au 53. Tofauti ndogo haiharibu sauti, lakini ni vizuri kuijua kabla ya kununua.

Kabla ya kununua, shika bisibisi

Tunashauri jambo moja lisilogharimu chochote. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati yake na pikapu. Kwa hambaka, anza na milimita 1.6 darajani na 2.4 shingoni, kisha piga huku ukibadilisha swichi. Ya shingoni ikizidi, ishushe kidogo kidogo hadi zilingane. Kwa koili moja yenye sumaku kali usiisogeze karibu mno: sumaku itavuta uzi, na gitaa litaonekana limepoteza tyuni hata kama umeshalisawazisha.

Magitaa mengi yanayodhaniwa kuwa na pikapu mbovu huponea hapo. Kama bado hujaridhika baada ya wiki moja ya kusikiliza, sasa utajua hasa unachokosa: nguvu, ukali, unene au utulivu. Nenda dukani ukiwa na jibu hilo, aina ya pikapu itakayobaki, na kipimo cha nyuzi zako. Muuzaji atakuwa na kazi ndogo ya kukushawishi, na fedha yako itakuwa na kazi ya maana.