Ziwa la Mama Katika Njia za Wakimbizi: Arua na Koboko

Mnamo miaka ya 1980 na 1981 njia zitokazo Arua na Koboko zilijaa watu waliokimbia. Idi Amin, ambaye jamaa zake ni wa Koboko, alikuwa amepinduliwa Aprili 1979. Vita viliporejea Nile Magharibi, Oktoba 1980, jeshi la serikali mpya liliwalipiza kisasi raia. Umati mkubwa ulivuka mipaka kuingia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Tarehe 24 Juni 1981 hata waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa.

Walimu wenzetu, na tufikiri juu ya mtoto mchanga katika safari kama hiyo. Maziwa ya unga yanataka maji safi, kuni, sufuria, na chupa iliyochemshwa. Mkimbizi hana hata kimoja cha hivyo. Chupa chafu huleta kuhara, na kuhara humkausha mtoto kwa muda mfupi. Ziwa la mama halihitaji moto. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza ambayo wazee wengine huyamwaga wakidhani ni machafu, yamejaa kinga dhidi ya maradhi.

Uganda ilikuwa imekwisha kuwa na elimu hiyo. Derrick Jelliffe, profesa wa tiba ya watoto huko Makerere, aliwaona watoto wenye utapiamlo, na baadaye akawalaumu waziwazi wafanyabiashara wa maziwa ya makopo. Mwaka 1965 hospitali ya Mulago ilifungua kituo cha Mwanamugimu, ambako mama hufundishwa kumlisha mwanawe kwa vyakula vya nyumbani. Kisha, tarehe 21 Mei 1981, mwezi mmoja tu kabla ya Ombaci, Shirika la Afya Duniani lilipitisha Kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo, kwa kura 118. Marekani peke yake ilipinga. Kwetu sisi kura ile moja ni ya aibu.

Leo safari imegeuka. Wakimbizi wa Sudan Kusini wamepokewa Rhino Camp na Imvepi, na Wakongo wako Lobule, wilayani Koboko. Miongozo ya misaada sasa inakataza kugawa ovyo maziwa ya unga: mama hupewa kwanza chakula, maji na mahali pa faragha pa kunyonyeshea.