Robert Serumaga: Msimuliaji katika Zama za Kunyamaza

Katika madarasa yetu ya Kiswahili jina la Robert Serumaga halitajwi mara kwa mara. Sababu yake si ngumu kufahamika. Mtunzi huyu wa Uganda aliandika kwa Kiingereza, na michezo yake iliyosifiwa kuliko yote haikutegemea sana maneno ya lugha yoyote. Hata hivyo maisha yake yana mafunzo makubwa kwa mwalimu wa lugha, kwani yanatuletea swali zito: msimuliaji afanye nini ikiwa hadhira yake haina lugha moja, na ikiwa kusema waziwazi kwaweza kumpotezea roho yake?

Serumaga alizaliwa mwaka 1939. Alipelekwa na masomo hadi Ireland, akasomea elimu ya uchumi katika Trinity College, Dublin. Lakini moyo wake ulikwisha kutekwa na jukwaa. Huko Ulaya alikutana na michezo ya watunzi waliovunja kanuni za zamani, ambao wahusika wao hungoja, huzungumza na kujihoji bila ya kisa kuendelea kwa mstari ulionyooka. Alifanya kazi pia katika matangazo ya BBC, kisha akarejea nyumbani katikati ya miaka ya sitini.

Uganda aliyoikuta haikuwa jangwa la sanaa. Jumba la Taifa la Michezo lilikuwa limefunguliwa Kampala mwaka 1959, ingawa kwa miaka ya mwanzo lilitawaliwa zaidi na wageni. Wycliffe Kiyingi alikwisha kuanzisha chama cha wasanii Waafrika mwaka 1954 na kutunga michezo kwa Kiganda. Kutoka Makerere, wanafunzi walikuwa wakizunguka mijini na vijijini na michezo yao, wakiigiza kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo suala la lugha ya jukwaa lilikuwa tayari mezani, na kila mtunzi alilazimika kulijibu kwa njia yake.

Jibu la kwanza la Serumaga lilikuwa Kiingereza cha wasomi. Katika *A Play* alimwonyesha Mutimukulu, mtu anayesumbuliwa na kumbukumbu ya kifo cha mkewe. Mwaka 1969 alitoa riwaya, *Return to the Shadows*, juu ya mapinduzi katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa kwa jina lake halisi. Ikafuata *The Elephants*, inayohusu urafiki wa mwanachuo na kijana mkimbizi. Wahakiki kadhaa walimlaumu wakisema kwamba wahusika wake wanazama mno katika nafsi zao, na kwamba mwananchi wa kawaida hakuwa na nafasi katika ukumbi wake. Lawama hiyo haikukosa msingi. Lakini hatuna budi kuangalia alikoelekea baadaye.

Tarehe 25 Januari, 1971, Idi Amin alitwaa madaraka. Mwaka huohuo Serumaga aliuleta jukwaani mchezo wa *Majangwa*. Majangwa na mkewe Nakirijja ni watu wa masimulizi ya Buganda: mpiga ngoma na mkewe, watumbuizaji wa kutangatanga ambao sanaa yao ilishuka hadhi mpaka ikawa kujidhalilisha mbele ya watu ili wapate fedha. Serumaga akawaketisha kando ya barabara wakati wa usiku, wakikumbushana maisha yao, na katika usiku huo maiti ikatupwa barabarani. Hakuhitaji kuwaeleza watazamaji wa Kampala maana ya maiti ile. Ngano ya kale ilikuwa imebeba habari ya leo, na msimuliaji hakumtaja mtu.

Hapo ndipo ilipoonekana njia mpya. Serumaga alikusanya vijana, akawafunza kwa muda mrefu namna ya kutumia mwili, pumzi, sauti na ngoma, na kundi lao likaitwa Abafumi, maana yake wasimuliaji wa hadithi. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Msimuliaji wa jadi hakuwa mtu wa maneno matupu: aliimba, alicheza, aliigiza sauti za wanyama, akawafanya wasikilizaji waitikie. Abafumi walikirudisha jukwaani kipaji hicho chote.

Mchezo wao *Renga Moi*, wa mwaka 1972, ulitokana na hadithi ya Waacholi. Shujaa amezaliwa watoto pacha, na mila inamkataza baba wa pacha kumwaga damu kabla ya tambiko kutimizwa. Adui anashambulia. Je, awatazame watoto wake au ailinde jamii yake? Anakwenda vitani, na akiwa huko watoto wanatolewa kafara. Mchezo uliunganisha nyimbo, ngoma na maneno ya lugha kadhaa za Uganda, na mwaka 1975 ulionyeshwa London katika msimu wa michezo ya dunia kwenye ukumbi wa Aldwych. Watu wasiojua hata neno moja la lugha zile walifuata kisa.

Katika *Amayirikiti*, wa mwaka 1974, maneno yalikaribia kutoweka kabisa. Jina ni la mti wenye maua mekundu, na wekundu huo ulitosha kueleza damu iliyokuwa ikimwagika. Utawala unaweza kupiga marufuku sentensi iliyoandikwa. Ni vigumu zaidi kupiga marufuku kilio, au mwili unaoanguka kwa mpigo wa ngoma.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna jambo jingine la kupima hapa. Mwaka 1973 serikali ya Amin ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini kwa raia wengi lugha hiyo ilisikika kutoka kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani na katika kambi. Amri ya serikali haikuweza kukipa Kiswahili mapenzi ya watu. Lugha hupendwa inapobeba hadithi za wenyewe, wala si inapobeba vitisho.

Mwaka 1977 mtunzi mwenzake, Byron Kawadwa, aliuawa muda mfupi baada ya kurudi kutoka kwenye tamasha la sanaa za Waafrika huko Lagos. Serumaga akawa uhamishoni, akajiunga na harakati za kuuondoa utawala ule. Machi 1979 vikundi vya Waganda vilikutana Moshi, Tanzania; Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, na Serumaga akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Profesa Yusuf Lule. Serikali hiyo iliangushwa mwezi Juni. Serumaga alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi.

Mwalimu anayefundisha tamthilia aweza kunufaika na mfano huu. Wanafunzi wapewe hadithi ya kwao, waitende kwanza kwa mwili na ngoma, na maneno yafuate pale tu yanapohitajika. Hapo watatambua lipi ni neno la lazima na lipi ni pambo. Na walio katika darasa lenye lugha nyingi za nyumbani wataona kwamba Kiswahili hakiji kuzifuta hadithi zao, bali kuwapa jirani zao nafasi ya kuzisikia.