Somo la Pili: Kiswahili, Kimeru na Kiembu katika Shahada ya Ualimu

Utaratibu wa kumtaka mwanafunzi wa chuo kikuu awe na somo kuu na somo dogo haukuzaliwa Afrika. Istilahi hizo mbili zilitumiwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, katika mwongozo wake wa masomo wa 1877-78, kisha zikaenea. Afrika ya Mashariki ilipitia njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki (1963-1970) mwanafunzi wa sanaa alianza na masomo matatu. Baada ya mwaka wa kwanza alikuwa na mapito mawili: ama aendelee na masomo mawili hadi mwisho, yaani 3-2-2, ama abakie na moja tu, yaani 3-1-1. Tarakimu hizi ni kavu, lakini zilisaidia kuamua lugha ipi ihesabiwe kuwa taaluma na ipi ibaki nyumbani.

Kwa mwalimu mtarajiwa, 3-2-2 ndiyo iliyofaa, kwani shule za sekondari zilihitaji mtu mmoja awezaye kufundisha masomo mawili. Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya, iliyoundwa 1967, ingali inamtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, kila moja likiwa limesomwa kwa kozi zisizopungua nane. Ikumbukwe basi kwamba somo la pili la mwalimu si somo dogo la Kimarekani. Halina udogo wowote. Mwenye kozi saba hana somo.

Kanuni hii iliwafikia Wameru na Waembu kwa namna ya pekee. Lugha zao zina irabu saba, Kiswahili kina tano, na kwao Kiswahili ni lugha ya kujifunza, si ya kuzaliwa nayo. Elimu ya shule waliipata kwa wamisionari: Wamethodisti huko Kaaga, Wapresbiteri huko Chogoria tangu 1922, Waanglikana huko Kigari. Kimeru kikapata maandishi yake ya kanisa, yaliyoegemea zaidi Kiimenti. Embu, Biblia ya Kikuyu ndiyo iliyosomwa. Hivyo kabla ya chuo kikuu chochote kufika huko, Kiembu kilikuwa kimekwisha kukaa nyuma ya jirani yake.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Ghafla walimu wake wakahitajika kila mahali, na lugha iliyokuwa ikidharauliwa na wasomi wengi ikawa somo la kumpatia mtu kazi. Vyuo vya karibu na wenyeji vilikuja baadaye: Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, Meru, kilipata hati yake 2006, Chuka, kilichoanza kama tawi la Egerton mwaka 2004, kilipata yake 2013, Embu, 2016. Kijana wa Mwimbi aweza leo kusomea ualimu wa Kiswahili pamoja na Historia au Dini bila kuvuka Mto Tana.

Lakini kijana huyo hawezi kuoanisha Kiswahili na Kimwimbi. Aweza kuandika tasnifu juu ya fonolojia ya lugha ya mama yake, na wengi wamefanya hivyo. Kazi hiyo itahesabiwa upande wa isimu, basi. Sababu si uhaba wa maarifa. Kanuni ya masomo mawili hutazama mtihani wa sekondari, na Kimeru hakikutahiniwa humo. Uganda ilifuata njia tofauti: Luganda hutahiniwa katika sekondari, na kwa hiyo Makerere imekuwa ikiwaandaa walimu wake. Hapa kanuni ya chuo imefuata mtihani, wala haikuutangulia.

Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kutekelezwa 2017, umeziweka lugha za asili miongoni mwa masomo ya kuchagua katika sekondari ya juu. Mwalimu wa somo hilo naye atadaiwa kozi nane. Kozi nane za Kimeru kipi? Kiimenti, kwa kuwa kina maandishi. Ama Kiigembe, Kitigania na Kichuka navyo vihesabiwe? Kitharaka kina wenyewe wanaokataa kuitwa tawi la Kimeru. Na huko Embu, Wambeere wana neno lao la kusema kabla ya mtu yeyote kuandika silabasi ya Kiembu.