Ushuhuda Kabla ya Mahubiri: Walokole wa Afrika Mashariki na Utupu wa Roho

Neno mlokole, ambalo leo hutumika Tanzania na Kenya kumtaja Mkristo yeyote anayekiri kwamba ameokoka, na mara nyingi kwa kumkejeli, lilitoka katika Kiganda cha miaka ya 1930, ambapo Balokole, yaani waliookoka, lilikuwa jina walilobandikwa Waanglikana wachache waliosema waziwazi kwamba kanisa lao lilikuwa limejaa watu na limepungukiwa uhai. Historia yao imeandikwa zaidi kama historia ya mikutano mikubwa, nyimbo na machozi, na hayo yote yalikuwapo. Hata hivyo, kilichowapambanua Walokole na wahubiri waliowatangulia ni namna yao ya kumwendea mtu aliyehisi utupu moyoni, kwa kuwa mwenye kupeleka habari njema alitakiwa kwanza aseme upungufu wake mwenyewe, na ndipo apate haki ya kuuliza juu ya upungufu wa mwenzake.

Utupu huo ulikuwa na historia. Wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Buganda mwaka 1877, na waongofu wao wa kwanza waliitwa wasomaji, kwa sababu kujifunza dini na kujifunza kusoma vilikuwa kazi moja. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwaua vijana wengi waliokataa kuikana imani hiyo. Lakini watoto na wajukuu wa kizazi kile waliukuta Ukristo ukiwa na enzi: machifu wakubwa walikuwa wamebatizwa, shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na jina la ubatizo lilimfungulia kijana mlango wa ukarani na wa utawala. Kitu ambacho babu alikuwa tayari kukifia, mjukuu alikipokea pamoja na urithi wa shamba, na haishangazi kwamba kufikia miaka ya 1920 walikuwapo waumini wengi waliohudhuria ibada kila Jumapili, wakashiriki meza ya Bwana, na kurudi nyumbani kwa mambo ambayo ubatizo wao uliyakataza, bila wao wenyewe kuona mgongano wowote. Ilikuwa vigumu kuwahubiria, maana maneno yote ya mahubiri waliyajua tayari.

Mwanzo wa badiliko hutajwa kuwa ni mkutano wa watu wawili katika kilima cha Namirembe, Kampala, mwezi Septemba 1929. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari kijana aliyesoma Cambridge na kutumwa Gahini, mashariki mwa Rwanda karibu na ziwa Muhazi, ambako alijikuta katikati ya njaa kali iliyoikumba nchi hiyo mwaka 1928 na 1929. Alifika Kampala kupumzika akiwa amechoka mwili, na zaidi ya hapo akiwa amevunjika moyo, kwa kuwa aliona kwamba kazi yake haikuwa na nguvu aliyoitarajia. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wenye ardhi na mtumishi wa serikali katika idara ya afya, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameumizwa na kukosa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na katika maumivu hayo akapata hakika kwamba uzima wa milele ulikuwa na thamani kuliko masomo hayo. Wawili hao walikaa siku mbili wakifuatilia katika Biblia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu na kuomba pamoja.

Uzito wa siku hizo mbili hauonekani mpaka ikumbukwe zilikuwa zama gani. Mzungu wa enzi ya ukoloni, tena daktari na mmisionari, alizoea kuketi na Mwafrika akiwa mwalimu, naye Mwafrika akiwa mwanafunzi. Hapa daktari alikuja akiwa mhitaji, akakiri hivyo, na aliyemsaidia alikuwa Mganda. Mafundisho waliyoyafuata yalitoka kwa sehemu katika mikutano ya kila mwaka ya Keswick, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, ambayo ilifundisha kwamba Mkristo anaweza kuishi akishinda dhambi ikiwa atajisalimisha kwa Mungu kabisa. Lakini Keswick haikuwa imefundisha kwamba kujisalimisha huko kungeweza kuvuka mpaka wa rangi namna hii. Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha pia kuvaa viatu, akawa anatembea Kampala na kanzu yake akimuuliza kila aliyekutana naye, awe kasisi au mchuuzi, kama ameokoka.

Mfano wa Yosiya Kinuka unaonyesha kwa karibu jinsi njia hiyo ilivyofanya kazi. Kinuka alikuwa mtumishi katika hospitali ya Gahini, Mkristo aliyebatizwa, aliyechoshwa na kazi na kutaka kuiacha, na Church, badala ya kumsihi abaki, alimtuma Kampala akamtembelee Nsibambi. Mwenyeji wake alimuuliza habari za hospitali, na Kinuka akamwaga malalamiko yake yote: kazi ilivyokwenda ovyo, watumishi wasivyoelewana, jinsi mambo yalivyokosa mpango. Nsibambi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba chanzo cha hayo yote kilikuwa ndani ya moyo wake yeye anayelalamika. Kinuka alikasirika. Hata hivyo, katika safari ndefu ya kurudi Rwanda neno lile halikumwacha, na kabla ya kufika aliamua kumpa Kristo maisha yake. Alipofika Gahini wenzake waliona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Hakuna hoja ya dini iliyoshindaniwa hapo. Kulikuwa na mtu aliyesikilizwa hadi akamaliza, na neno moja lililosemwa na mtu ambaye alikuwa amekwisha kuambiwa neno hilohilo na dhamiri yake.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini, na baada ya siku kadhaa za kujitenga katika maombi alianza kuhubiri kwa moto ambao wanafunzi wake hawakuuzoea. Mwaka 1935 kundi la Gahini liliongoza mkutano Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na mwezi Januari 1936 Kigozi alikwenda Kampala kwa ajili ya sinodi, yaani kikao kikuu cha kanisa, akiwa na ujumbe kwa makasisi uliojumlishwa katika neno moja la Kiganda, Zukuka, maana yake amka. Hakurudi, homa ya papasi ilimuua akiwa bado kijana. Miezi michache baadaye, Juni 1936, Gahini ilishuhudia usiku baada ya usiku wa kuimba, kulia na kuungama, na kuanzia hapo vikundi vya washuhudiaji vikatoka kwenda pande zote.

Vikundi hivyo vilijenga desturi inayoitwa ushirika, yaani mkutano wa kila wiki ambamo waumini huketi pamoja bila kujali cheo, na kila mwenye neno husimama akaeleza jinsi Mungu alivyomtendea tangu walipoachana. Kusema dhambi yako mbele ya ndugu pasipo kuficha kuliitwa kutembea nuruni, na hakukuishia kwenye maneno, kwani aliyeungama wizi alitakiwa kurudisha: mashuka yalirudi hospitalini, zana zikarudi kwa wenyewe, na wasimamizi wa kazi wa Kizungu wakapigwa na bumbuwazi kuletewa fedha ambazo hawakujua kwamba ziliibwa. Baada ya ungamo, wote walimkumbatia aliyesema na kuimba Tukutendereza Yesu, wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, ambao Wakikuyu, Wahaya na Wagogo waliuimba vilevile kwa Kiganda.

Uongozi wa kanisa haukuwafurahia wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, miongoni mwao William Nagenda, baada ya kukaidi agizo lililozuia mikutano yao ya alfajiri. Jambo la kuheshimika ni kwamba hawakuanzisha dhehebu, bali walibaki katika kanisa lililowafukuza. Kufikia wakati huo ushuhuda wao ulikuwa umevuka kwenda Kenya na Tanganyika. Katika Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, wapo waliouawa kwa kukataa kiapo cha wapiganaji, ambao pia walikataa kushika bunduki za serikali. Katika Tanganyika, Yohana Omari, aliyetoka katika Uislamu, aliwekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana nchini humo, na kwa upande wa Walutheri wa Buhaya, Josiah Kibira alifikia kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977.

Historia hii haiwezi kuandikwa kwa uaminifu bila kutaja kwamba Rwanda, ambako moto wa uamsho huu uliwaka Gahini, ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na kwamba makanisa yake yalikuwa mahali pa kuulia. Wamekuwapo Walokole Wahutu na Watutsi waliokufa wakificha wenzao. Lakini kutembea nuruni kulikuwa kumefundisha watu kuungama wizi, uzinzi na chuki ya mtu kwa mtu, huku mpangilio mzima wa utawala wa kikoloni, uliomwandikia kila Mnyarwanda kabila lake katika kitambulisho, ukibaki nje ya duara la ushirika. Mwanga ule ulimulika moyo kwa kina, na ukaiacha serikali gizani.

Nsibambi aliishi mpaka mwaka 1978. Kwa miaka mingi ya mwisho afya haikumruhusu tena kuzunguka, na watu wakawa wanamfuata nyumbani, makasisi na wasafiri kutoka mbali, ambao walifika kumjulia hali mgonjwa na kujikuta wakiulizwa wao hali ya mioyo yao.