Usomaji usiozuia na usomaji wa kuarifiwa

Chukua duka la dawa la Rohero, katikati ya Bujumbura, lenye programu ya mauzo inayosoma misimbo kupitia konsoli. Skana nyingi za USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi: hutuma tarakimu za msimbo, kisha Enter. Mteja akiwepo, mambo huenda. Asipokuwepo, balaa. Amri ya kawaida ya kusoma mstari hairudi mpaka mstari ukamilike, na ikiitwa kwenye uzi uleule unaochora dirisha, vitufe vyote hufa. Dirisha lisipochukua ujumbe kwa sekunde 5, Windows hulihesabu kuwa halijibu. Muuzaji atasema kompyuta imeganda, kumbe inasubiri tu.

Tiba zake ni mbili, na huchanganywa mno.

Ya kwanza ni usomaji usiozuia. Programu inauliza kama kuna herufi. Zisipokuwepo, inarudi papo hapo mikono mitupu. Kwenye Unix kazi hiyo hufanywa na alama ya O_NONBLOCK, na jibu la EAGAIN humwambia mwandishi wa programu ajaribu tena baadaye. Kuuliza huko kukirudiwa bila kupumzika, kichakataji huchoka bure. Ndiyo maana select, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983, ina thamani: inalala mpaka mojawapo ya milango mingi ipate kitu.

Ya pili ni usomaji wa kuarifiwa. Programu inaacha ombi, inaendelea na shughuli zake, na herufi zikifika inaitwa. Anayetafsiri haraka neno la Kiingereza asynchronous anaweza kuuita “usomaji usio sambamba”, na hapo atakuwa amempoteza msomaji, kwa sababu faida yake yote ni kwamba kusubiri na kazi nyingine vinakwenda sambamba.

Hata majina ya asili ya Kiingereza hayaaminiki. Katika .NET, ReadLineAsync ikiitwa juu ya Console.In huzuia vilevile, na nyaraka za Microsoft zinakiri hivyo. Kwa duka letu, njia ya uhakika ni kuanzisha uzi wa pili usome konsoli na kuweka kila msimbo kwenye foleni, dirisha lichote humo kwa wakati wake. Uzi huo utiwe alama ya IsBackground. Bila hiyo, muuzaji atafunga dirisha jioni na programu itabaki hai, ikingoja Enter.